Papa na Somo Zake

Jioni ya tarehe 8 Mei 2025 moshi mweupe ulifuka juu ya Kanisa la Sistina, Vatikani, na muda si muda watangazaji wa Kiswahili wakawa na jina jipya mdomoni: Papa Leo. Maana yake haikumtatiza mtu. Lakini maneno hayo hayo mawili yakisemwa asubuhi pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ni habari ya kitoweo: jana vibua, papa leo.

Watu wawili wanaoitwa jina moja, Waswahili husema kila mmoja ni somo wa mwenzake. Maneno nayo yana somo zao. Silabi hii iliyorudiwa, pa-pa, imetapakaa duniani, na kati ya wanaoitwa hivyo wamo ndugu wa kweli na wamo waliogongana majina tu.

Nyumbani kwanza. Papa wa pwani ni yule mwenye meno, anayekatwa vipande, akatiwa chumvi na kuanikwa hadi akawa ng'onda, kisha akaungwa kwa nazi na harufu ikafika nyumba ya tatu. Zamani majahazi ya msimu yalimshusha Unguja na Mombasa akiwa mkavu, kutoka Arabuni na pwani ya Somalia. Kule Mafia yuko papa shilingi, mkubwa kama basi lakini mpole, mgongo umejaa madoa meupe kana kwamba kuna aliyemmwagia sarafu. Na wapo wasioingia majini kabisa: magazeti ya Tanzania yana "mafisadi papa" na "mapapa wa dawa za kulevya". Dagaa, kwa kawaida, ndio wanaokamatwa.

Moyo unaompapa mtu kwa hofu hauhusiani na samaki huyo. Wala "papa hapa", ambayo ni "hapa" iliyotiliwa mkazo, kama "yuyu huyu" na "kiki hiki". Msikilizaji hababaiki, kwa sababu neno haliji peke yake, linakuja na majirani zake. Anayesema "nakusubiri papa hapa" hajaacha nafasi ya mkia wala mapezi.

Kwa Kihispania jirani mmoja mdogo anatosha. Huyo Papa Leo, Robert Prevost mzaliwa wa Chicago, aliishi Peru miaka mingi na alikuwa askofu wa Chiclayo hadi mwaka 2023. Na Peru, papa ni kiazi. Neno ni la Kiquechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes, ambako viazi vililimwa maelfu ya miaka kabla ya Mhispania kutia nanga. Nchi hiyo ina aina zaidi ya 3,000 za viazi, vikiwemo vya zambarau na vya njano kama kiini cha yai. Mama wa sokoni Chiclayo akisema "la papa", anataja kiazi. Akisema "el papa", anamtaja mkuu wa Kanisa Katoliki. Akitilia mkazo silabi ya mwisho, "papá", anamwita baba yake. Herufi mbili tu zinatenganisha sufuria na altare.

Hispania kwenyewe wengi husema patata. Hapo papa ya Andes ilichanganyika na batata, jina la kiazi kitamu lililotoka visiwa vya Karibi. Wareno nao walibaki na batata, na ndiyo hiyo mbatata inayoelea kwenye bakuli la urojo Unguja.

Kiazi na samaki, basi, ni somo tu. Bahari na bara zima viko kati yao, na hakuna aliyemkopa mwenzake. Kila lugha ina maelfu ya maneno, lakini silabi nyepesi kutamka ni chache. Zisingegongana ndiyo ingekuwa ajabu.

Papa wa Roma na papa wa Kinshasa ni habari nyingine: wote wawili wametoka kinywani mwa mtoto. Kwa Kigiriki cha kale, "pappas" ndivyo mtoto alivyomwita baba yake. Neno likapanda cheo. Katika karne za mwanzo za Ukristo maaskofu kadhaa waliitwa hivyo, wa Alexandria akiwa mmojawapo, na mpaka sasa patriaki anayewaongoza Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania huitwa Papa na Patriaki wa Alexandria na Afrika yote. Anaitwa hivyo ingawa mwaka 1075, enzi za Papa Gregori VII, hati ya Roma ilidai kwamba jina hilo ni la mtu mmoja tu ulimwenguni. Wafaransa na Wabelgiji walibaki na papa wa nyumbani, akafika nao Kongo. Leo Kinshasa na Lubumbashi papa ni baba mzazi, na ni mwanamume yeyote anayestahili heshima. Mwanamuziki Shungu Wembadio alivuma kwa jina la Papa Wemba, wala hakuna mpenzi wa rumba aliyewaza mapezi.

Kwa nini mtoto aanzie hapo? Mwanaanthropolojia wa Marekani, George Peter Murdock, alikusanya maneno 1,072 ya kuwaita mama na baba katika lugha mbalimbali, na mwanaisimu Mrusi Roman Jakobson akayachambua katika makala iliyochapishwa mwaka 1960. Sauti za puani, kama m, ziliegemea sana upande wa mama. Jakobson alieleza kwamba mtoto mwenye titi mdomoni hawezi ila kugunia puani. Midomo iliyofungwa ikiachia ghafla, hutoka pa au ba. Mtoto hapo hajamwita mtu. Wazazi ndio wanaoidaka sauti, wakagawana.

Na hawagawani sawa kila mahali. Katika Kigeorgia, lugha ya Kaukasi, "mama" ni baba, na mama ni "deda". Wataalamu wa Kijapani cha kale wanasema mama aliitwa "papa". Kisha p ikalegea, ikawa karibu na f, na mwishowe ikawa "haha". Ushahidi mmoja ni kitendawili kilichoandikwa Japani mwaka 1516, kinachotega kitu kinachokutana mara mbili kwa mama na hata mara moja kisikutane kwa baba. Jibu ni midomo. Leo hakitegeki tena, maana "haha" hutamkwa midomo ikiwa wazi. Watoto wengi wa Japani sasa wanasema "papa" upya, neno lililoingia kutoka Ulaya, ila safari hii amepewa baba.

Kwa msikilizaji wa pwani, Papa wa Roma anahitaji herufi kubwa, na herufi kubwa haisikiki redioni. Wakatoliki wa Kiswahili wana jina la pili, Baba Mtakatifu, ambalo linarudi kule kule alikoanzia mtoto wa Kigiriki. Samaki anabaki baharini, na mtangazaji anabaki na kazi moja tu: kusoma bila kujikwaa kwamba Baba Mtakatifu Leo leo asubuhi amekutana na mahujaji.