Uthibitisho Unaosadikisha na Uthibitisho Unaoeleza
Jumla ya namba witiri za mwanzo ni kipeo cha pili cha idadi yake: 1 + 3 + 5 + 7 ni 16. Kuonyesha kwamba kanuni ikishika kwa idadi moja hushika kwa inayofuata humsadikisha msomaji, ila sababu hubaki imefichika. Vizibo vya soda huidhihirisha: vizibo 7 vikipangwa pande mbili za mraba wa 3 kwa 3, hupatikana mraba wa 4 kwa 4. Steiner (1978) aliona uthibitisho elezi hutegemea sifa bainifu ya kitu chenyewe.

Mwanafunzi wa Bujumbura, aliyeanza hesabu kwa Kirundi kisha akahamia Kifaransa, aweza kuikariri hoja ya kwanza. Ya vizibo humdai aseme “kwa nini”, hata kwa Kiswahili cha Buyenzi.