Chai ya Jagi la Umeme: Hesabu za Jikoni Kilosa na Mikumi

Kusini mwa mji wa Mikumi, kwenye barabara iendayo Ifakara, maji ya Ruaha Mkuu yamekuwa yakizungusha mitambo ya Kidatu tangu 1975. Uwezo wa kituo hicho ni megawati 204, na nyaya zake kubwa zinapita kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Ukiipa Mikumi kisogo na kushika njia ya Kilosa, unaingia kwenye vijiji vya misitu ya miombo kama Ulaya Mbuyuni, Ihombwe na Kitunduweta, ambako miti hiyohiyo ndiyo mkaa. Mkazi wa huku akitaka chai ya asubuhi ana njia mbili: apepee jiko, au achomeke jagi la umeme.

Maji yenyewe hayajali chanzo cha moto. Lita 1 iliyo kwenye nyuzi 25 inahitaji takriban kilojuli 310 ili ichemke, iwe juu ya mkaa au ndani ya jagi. Kinachotofautiana ni joto linalopotea njiani. Jiko la mkaa la kawaida hupasha hewa, kuta zake na masikio ya sufuria, na kinachoyafikia maji mara nyingi hakifiki hata thuluthi ya joto lote. Jagi lina koili iliyozama majini au iliyobanwa chini ya kitako, kwa hiyo zaidi ya asilimia 80 ya umeme huishia ndani ya maji. Uniti moja ya umeme wa LUKU ina kilojuli 3,600. Ukiondoa upotevu, inachemsha karibu lita 10.

Bei hutegemea kundi la mteja. Kwa viwango vilivyoanza kutumika 2016, mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kawaida 292, kabla ya kodi na tozo. Familia inayochemsha lita 3 kila siku hutumia uniti 9 hivi kwa mwezi. Kwa mteja mdogo hiyo ni shilingi 900; kwa yule wa kawaida inakaribia 2,630.

Lita hiyohiyo kwenye jiko la mkaa hula gramu 50 hivi za mkaa, bila kuhesabu ule unaoteketea wakati wa kuwasha na ule unaobaki ukiwaka baada ya chai kuiva. Nyuma ya gramu hizo kuna mti. Tanuri la udongo hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa, kwa hiyo lita moja ya maji imebeba robo hadi nusu kilo ya kuni.

Hata hivyo, si kila gunia la Kilosa ni la msitu uliofyekwa. Kuanzia 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu, MJUMITA, walisimamia mradi wa mkaa endelevu katika vijiji vya wilaya hii. Eneo la uvunaji hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana kama kete za drafti. Visiki huachwa vichipue, na kitalu kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Ushuru uliokwenda vijijini umewahi kujenga madarasa.

Jagi nalo lina ujuzi wake, nao ni kujizima. Karibu na mpini kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizogandanishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti. Mvuke wa maji yanayochemka hupita kwenye kijia chake, hukipasha kipande hicho, kinapinda ghafla na kukata swichi. Kampuni ya Russell Hobbs ya Uingereza ilitoa jagi la namna hii, K1, mwaka 1955. Ndiyo maana jagi lililoachwa wazi haliachi kuchemka: mvuke unatokea juu na haukifikii kipande kile. Jagi la wati 2,000 likiendelea kutokota dakika moja tu, hugeuza gramu 50 hivi za maji kuwa mvuke, kwa umeme ambao ungechemsha theluthi ya lita nyingine. Ule mngurumo unaosikika kabla ya kuchemka ni viputo vya mvuke vinavyozaliwa kitakoni na kupasuka vikikutana na maji ya juu yasiyo moto bado. Maji yote yakishashika joto, kelele hupungua.

Vijijini, mwishoni mwa laini, kuna tatizo la umeme mdogo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya jagi la wati 2,000 hushuka hadi wati 1,200 hivi, kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti. Chai inachelewa, lakini uniti zinazotumika zinaongezeka kidogo tu. Pale umeme unapokuwa kamili, jagi huvuta karibu ampea 9, mzigo ambao waya mwembamba wa ekstensheni ya redio na chaja hauuwezi. Ukipata moto, unayeyuka.

Kilosa iko kama mita 490 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 98, yakitosha kabisa kukoleza majani ya chai ya Mufindi au Tukuyu. Joto hilo pia linaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakishatokota sawasawa yamekuwa salama, bila haja ya kuyaacha dakika kumi. Tope la mto Mkondoa wakati wa mvua, chumvi na kemikali haviondoki kwa kuchemsha.

Maziwa ni kisa kingine. Protini yake hugandia kwenye koili na kuungua, povu hupanda haraka, na kipande cha metali kinaweza kuchafuka kiasi cha kushindwa kuzima. Chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki inabaki ya sufuria. Kwa chai ya rangi, jagi hulipa zaidi linapojazwa maji ya vikombe vinavyohitajika tu, au maji yakichemshwa mara moja na kumiminwa kwenye chupa ya chai badala ya kurudiwa kila mgeni akiingia. Utando mweupe wa chokaa unaoganda kitakoni kwa maji ya kisima, unaochelewesha joto, huyeyuka ukichemsha maji yenye ndimu au siki na kuyaacha kwa muda.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Jagi linabeba sehemu ya chai na maji ya kunywa tu. Sufuria ya maharage, inayokaa motoni kwa saa kadhaa, bado inahitaji gesi au jiko la umeme la presha kabla gunia la mkaa halijaondoka jikoni.