Kabla ya Bomba Kuanza

Mwenye mkokoteni akisimama mlangoni huku Chaani, Mombasa, na mitungi yake ya njano, swali la kwanza huwa si la bei. "Mwanangu, haya ni ya Mzima ama ya kisima?" Naye hujibu bila kusita: "Ya Mzima, mama, onja." Wengine huonja kweli, kwa kiganja. Maji ya visima huku Changamwe yana chumvi. Hayo ni ya kufulia, ya kupigia deki na ya chooni. Ya Mzima ni ya chai, ya wali, ya kumpa mgeni. Mtungi wa lita 20 huuzwa shilingi 20, na mifereji ikikauka kwa muda bei hupanda hadi 50, na hakuna wa kumshtaki.

Hiyo Mzima inayotajwa kama duka la jirani ni chemchemi zilizo zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, katika nchi kavu ya miiba na mawe meusi ya volkeno. Juu ya ardhi huoni mto unaozilisha chemchemi hizo. Mvua na ukungu hushuka kwenye Vilima vya Chyulu, na vilima hivyo ni majivu na mawe ya volkeno yenye matundu, kwa hiyo maji hayakai juu yapate kuwa mto. Huzama, yakasafiri chini kwa chini karibu kilomita 50, yakaja kububujika Mzima yakiwa yamechujika. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba safari hiyo yaweza kuchukua miaka 25. Kwa hesabu hiyo, chai inayonywewa Chaani asubuhi ya leo huenda ilinyesha Moi akiwa bado Ikulu.

Tuiweke akilini hesabu hiyo, maana mradi wowote wa maji nchini hupimwa kwa muhula wa miaka mitano. Anayekata mti Chyulu leo hamkoseshi kura mwakilishi wadi yeyote wa Mombasa. Madhara yatakapofika mferejini, waliotia saini watakuwa wamestaafu.

Bomba la Mzima lilijengwa miaka ya 1950, wakati bandari ya Kilindini inapanuka na maji ya Marere, kutoka Shimba Hills, hayatoshi tena. Tsavo ilikuwa imetangazwa mbuga mwaka 1948 tu, na waliokuwa wakiiangalia waliogopa kwamba mainjinia watayakausha mabwawa ya viboko. Mwafaka uliopatikana ulikuwa wa busara kuliko mwingi wa siku hizi: maji yakatwaliwa chini ya mawe ya volkeno, kabla hayajatokeza, na mabwawa yenyewe yakaachwa. Bomba huchukua takriban lita milioni 35 kwa siku, ambazo ni sehemu ndogo tu ya kinachobubujika. Kingine chote huendelea na njia yake hadi Mto Tsavo, unaokutana na Athi kuwa Galana, na kuingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki.

Kisha maji hushuka yenyewe kwa mteremko, kupitia Voi na nyika ya Taru hadi Mazeras, mlangoni mwa Mombasa. Linganisha na Baricho, kule kwenye Sabaki, ambako maji ya visima vya kandokando ya mto lazima yasukumwe kwa pampu. Mara kadhaa pampu zile zimezimwa kwa sababu ya deni la umeme, na miji ya pwani ikakaa kiu huku mto ukiwa na maji. Mteremko haupelekewi bili.

Kwa hiyo ukiuliza kama mradi wa Mzima ulifaulu, mimi nasema ulifaulu sana mahali pamoja: pale ulipojizuia. Mgeni akienda leo atatembea na askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS) mwenye bunduki hadi kwenye maji, chini ya mikindu na mikuyu, na kuteremka kwenye kile chumba cha chuma chenye madirisha chini ya maji. Akiwa na bahati ataona samaki wakifuata nyuma ya kiboko wakila kinachotoka. Alan na Joan Root waliyaonyesha hayo kwa ulimwengu katika filamu yao, na watazamaji wa Ulaya huenda walijua habari za Mzima zaidi kuliko wanaoinywa Chaani.

Lakini kile kinyesi ndicho kilichowapita wapangaji. Kiboko hulala majini mchana na kula nyasi nchi kavu usiku. Anachokirudisha bwawani ndicho kinacholisha vijidudu, vijidudu vikalisha samaki, samaki wakalisha mnandi na mamba. Katika ukame wa 2009 maji ya Mzima hayakukatika, kwa kuwa yalikuwa mvua ya miaka mingi nyuma, ila nyasi ziliisha na viboko wakafa njaa kando ya maji mengi. Mita ya bomba haikuonyesha tatizo lolote. Mradi uliokuwa ukipima lita haukuwa na chombo cha kupimia malisho, wala hakuna ripoti ya maji iliyowahi kuandika neno nyasi, kama ninavyozijua ripoti hizo.

Na juu zaidi, kule vilimani, hali ni hiyohiyo. Chyulu ilifanywa mbuga mwaka 1983, lakini mbuga haijumuishi vilima vyote; upande wa magharibi ni nchi ya Wamaasai na mifugo yao. Msitu wa kileleni hunasa ukungu hata siku isiyo na mvua, na ndio unaotishwa na moto, makaa na mashamba ya miraa. Tangu 2013 kuna mradi wa hewa ya kaboni unaounganisha jamii za wafugaji, KWS, Shirika la Huduma za Misitu na mashirika ya uhifadhi, katika eneo la zaidi ya hekta 400,000. Msitu ukisimama, kaboni yake huuzwa, na pesa hulipa walinzi na kusaidia shule na zahanati. Kuna wanaoipinga biashara hiyo ya hewa, na wana hoja zao. Mimi kinachonikera ni kingine: kampuni ya ng'ambo hulipa ili msitu wa Chyulu usimame, ipate kujitetea kwa moshi wake, ilhali Mombasa, inayokunywa msitu huohuo, imeuona kama sadaka ya Mungu. Sheria inamtoza mwenye kibali ada ya matumizi ya maji, ni kweli. Lakini ile tofauti kubwa kati ya bei ya mfereji na bei ya mtungi, inayotoka mfukoni mwa mama wa Chaani, huishia njiani. Nairobi ina mfuko wa maji tangu 2015, unaowasaidia wakulima wa Tana ya juu kuzuia mmomonyoko ili mabwawa ya jiji yasijae tope. Wazo hilo halikuhitaji kuvumbuliwa upya huku.

Badala yake, kinachozungumzwa kwetu ni bomba la pili. Mzima ya Pili imekuwa kwenye makaratasi ya serikali kwa miaka, ikikusudiwa kubeba maradufu ya lile la kwanza na zaidi. Viongozi wa Taita Taveta wameipinga mara kwa mara, wakidai mgao wa mapato ya maji yanayotoka kwao huku vijiji vyao vikingoja bauza. Watu wa Mombasa tulizoea kuwaona wabishi. Hebu jiweke mahali pa mtu wa vijiji hivyo, bomba lapita kando yake usiku na mchana, naye atembea na punda kutafuta maji. Muswada wa kugawana mapato ya maliasili umeingia na kutoka bungeni zaidi ya mara moja bila kuwa sheria, na kila anapotoboa mtu bomba, hiyo ndiyo sheria aliyojitungia.

Huku chini nako, karibu nusu ya maji yanayoingizwa kwenye mtandao wa Mombasa hayamfikii mteja wa kulipa. Mengine huvuja kwenye mabomba yaliyochakaa, mengine huunganishwa kwa njia za panya. Pita nyuma ya maegesho ya makontena Chaani alfajiri, utakuta dimbwi ambalo halikutokana na mvua, na kuku wakinywa. Kuziba pale ni kazi isiyo na utepe wa kukatwa wala mgeni wa heshima, ndiyo maana hubaki. Bwawa la Mwache, kule Kwale, liliahidiwa kutoa lita milioni 186 kwa siku. Ufadhili wa Benki ya Dunia uliidhinishwa 2014, na miaka mingi ikapita kabla ujenzi haujashika kasi. Nalitakia heri. Hata likijaa kesho, litamwaga maji yake kwenye mabomba haya haya.

Kuhusu Mzima ya Pili msimamo wangu ni mwepesi kuusema na mgumu kuuza kwenye baraza: isichimbwe hatua moja kabla ya kuziba Mombasa, na isipewe kibali bila kifungu cha Chyulu katika bajeti yake, chenye pesa za vizuia moto, za walinzi na za vipimo vya mvua na chemchemi ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvisoma. Mainjinia watakapokuja kuchukua maoni Changamwe, watatandika ramani mezani kama kawaida, na mstari wa buluu utaanzia Mzima. Nitawaomba waongeze karatasi upande wa juu.