Safari ya Baiskeli Wakati wa Kiangazi

Mvua zikishakatika na mavuno yakishaingia ghalani, ndipo safari zinapoanza jimboni kwetu. Kwaya inaalikwa parokia ya jirani, vijana wanakwenda hija, sikukuu ya Mt. Karoli Lwanga na wenzake inafika tarehe 3 Juni. Wengi wetu huenda kwa baiskeli kwa sababu haidai nauli. Lakini nchi wakati huo ni kavu, na ikifika Septemba na Oktoba jua la Kahama halina huruma.

Oktoba mmoja tuliletewa kijana wa kwaya, mkulima mwenye nguvu zake. Mwili ulikuwa unawaka moto na alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka. Wenzake walisema ni malaria imepanda kichwani. Tulipima, malaria hatukuiona. Tulipouliza habari za safari ndipo tukapata ugonjwa wenyewe: walisubiriana mpaka saa 4 asubuhi ndipo wakaondoka, watu tisa na dumu moja la maji la lita 5. Jua lilikuwa limempiga. Alipona, lakini angeweza kufa, na sababu ni kwamba hakuna aliyekaa chini jana yake kupanga safari.

Basi tupange. Kahama hadi Isaka ni kama kilomita 40. Baiskeli yenye mzigo ikienda kilomita 12 kwa saa imejitahidi. Mkiondoka kunapopambazuka, karibu saa 12 na nusu, mtafika saa 4 jua likiwa bado linavumilika. Anayechelewa aachwe, atafuata kwa basi. Wanaoendelea hadi Shinyanga wapange kulala njiani, wasitake kumaliza yote siku moja. Kuanzia saa 5 mpaka saa 10 alasiri kaeni kivulini. Wengine hukwepa jua kwa kuondoka saa 9 usiku bila taa. Hilo silishauri hata kidogo, kwa kuwa barabara ile ndiyo ya malori makubwa yaendayo Rwanda na Burundi, na dereva hamwoni mwendesha baiskeli gizani.

Maji ndiyo jambo kubwa. Mtu anayekanyaga baiskeli juani anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Kila mmoja abebe lita 3 zake mwenyewe, si dumu la wote. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yanafika Kahama na Shinyanga, hivyo mjini utajaza chombo chako. Ukiacha barabara kuu kuelekea vijijini bado utakuta malambo wanakonywa ng'ombe, na hayo si ya kunywa bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kunywa kidogo kidogo, kikombe kimoja kila baada ya dakika 20 hivi. Usisubiri kiu ikubane halafu unywe lita mbili kwa mkupuo, maana maji matupu mengi mno nayo huzimua chumvi ya mwili na kudhuru. Kuleni njiani matobolwa na karanga zenye chumvi. Wazee wetu walijua walichokifanya. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umeshachelewa: pumzika na unywe. Misuli ikikaza, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Pombe iacheni mpaka mfike. Na mkifika, si lazima.

Wapo wasiopaswa kwenda. Mwenye homa abaki nyumbani, hata kama ndiye mpiga kinanda. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao katika Kanda ya Ziwa ni wengi, asiende kwa baiskeli safari ndefu, kwa kuwa kukaukiwa maji na kuchoka sana humletea maumivu makali ya mifupa na hata kifo. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asione haya kumwambia mwalimu wa kwaya.

Tena, akina mama, mtoto mdogo anayepakiwa kwenye keria huning'iniza miguu, akasinzia kwa jua, na mguu ukaingia kwenye spoki. Kisigino huchanika hadi mfupani. Majeraha haya tunayaona mno. Mwekeeni mahali pa kukanyaga pande zote mbili na kinga ya kufunika spoki, na avae viatu. Akianza kusinzia, simameni.

Mtu akiumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu safarini, aingie kivulini, alegeze nguo na anywe. Akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, hiyo ni hatari ya kufa, hata kama bado anatoka jasho. Mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea kwa vitenge, wekeni vitambaa vyenye maji shingoni, makwapani na kwenye nyonga. Msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Panadol haishushi joto la namna hii. Mmoja akatafute gari huku wengine wakiendelea kumpoza, na gari likipatikana msiache: pandeni naye na dumu la maji, mmwagieni na kumpepea mpaka mlangoni mwa hospitali.