Je, Wajua? Barua za Kivinjari

Je, wajua kwamba mfuko wa barua za Livingstone uliotoka Zanzibar Novemba 1870 ulimfikia Ujiji Novemba mwaka uliofuata, baada ya kuchelewa Bagamoyo na tena Unyanyembe, palipo Tabora ya leo? Aliyeko Ipuli, hukohuko Tabora, sasa anafungua tovuti mbili kwa sekunde, lakini zenyewe hazipelekeani habari ovyo. Kivinjari hakiziruhusu.

Kanuni hiyo, iitwayo same-origin policy, ililetwa na kivinjari cha Netscape mwaka 1995, lugha ya JavaScript ilipotokea. Bila hiyo, ukurasa wa umbea ungesoma baruapepe zako zilizo wazi kwenye kichupo cha pili.

Je, wajua hukaguliwa vitu vitatu: itifaki, jina la tovuti na namba ya mlango? Kimoja kikitofautiana, basi kurasa hizo mbili hazijuani. Ndiyo maana www.necta.go.tz na matokeo.necta.go.tz ni wageni machoni pa kivinjari, ingawa zote ni za Baraza la Mitihani.

Je, wajua, na hapa hata mafundi huteleza, kwamba kinachozuiwa ni kusoma jibu, si kutuma ombi? Fomu iliyofichwa kwenye tovuti ya tapeli inaweza kuiomba benki ihamishe fedha zako. Tapeli haoni jibu, lakini ana haja gani nalo? Kwa hiyo benki makini hutia namba ya siri isiyokisika ndani ya kila fomu, na kuki zake huzipa alama ya SameSite.

Zamani waliotaka kusoma data ya tovuti nyingine walipita dirishani. JSONP, ya mwaka 2005, ilipokea data ya tovuti nyingine ikiwa msimbo na kuuendesha hapohapo. Tovuti hiyo ikidukuliwa, nawe umekwisha. CORS, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2014, huiachia seva itaje nani asome majibu yake.

Je, wajua postMessage, inayopeleka ujumbe kutoka dirisha hadi dirisha, ina nafasi ya anwani ya mpokeaji? Wengi huweka nyota, yaani yeyote apokee. Uvivu mtupu, hasa kwenye ukurasa wa malipo! Mpokeaji naye amkague mtumaji herufi kwa herufi. Akiridhika kuona necta.go.tz imo tu ndani ya anwani, basi necta.go.tz.matapeli.com nayo itapita.