Chiriku Ameacha Kuimba

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali ya Lubumbashi, tulipita nyumbani mwa ndugu yetu kuwaamkia. Mtoto wake wa kiume, mwanafunzi wa darasa la nne, hakutukimbilia kama ilivyo desturi yake. Alikuwa ameketi karibu na tundu la ndege, machozi yakimlengalenga. «Baba mdogo,» alituambia, «chiriku wangu ameacha kuimba.»

Tulimtazama yule ndege. Alikuwa chini kabisa ya tundu, manyoya yake ya manjano yamefura, macho yamefumba, na mkia ukipanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Karibu naye ilikuwako mbabula ya makaa, iliyoingizwa ndani usiku ili watoto wasione baridi. Mlango na madirisha vilikuwa vimefungwa.

Tukamwuliza mama wa nyumba: «Shemeji, watoto wameamkaje?» Akajibu: «Wameamka salama, ila wawili wanalalamika kichwa, na mmoja ataka kutapika.»

Tuliposikia hayo tulishtuka. Upesi tukafungua madirisha yote, tukaitoa mbabula uani, tukawaambia watu wote watoke nje wapate hewa safi. Wale watoto wawili walipelekwa kwa mganga wa zahanati asubuhi ile ile. Ndipo tukarudi kwa chiriku.

Kwa nini ndege hutangulia kuumia?

Wasomaji wapenzi, makaa yanayowaka mahali pasipopita hewa hutoa sumu ambayo wataalamu huiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu yetu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi, hata mwili ukakosa hewa uliyoihitaji. Mtu aliyelala aweza kufa bila kuamka. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, yana sumu hiyo vile vile.

Chiriku ni mdogo sana: uzito wake haufiki gramu 20. Huvuta pumzi mbio mbio, na mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa ndani ya mwili, hata akapata oksijeni anapovuta pumzi na anapoitoa pia. Mwili kama huo humfaa sana kuruka, lakini sumu ikiwamo hewani, nayo humwingia upesi kuliko mtu.

Jambo hilo liliokoa maisha ya watu wengi. Mwaka 1896, baada ya mlipuko katika machimbo ya makaa ya mawe nchini Wales, daktari John Scott Haldane alichunguza maiti za wachimbaji, akaona kwamba wengi wao waliuawa na sumu hiyo, si kwa kuungua. Akashauri wachimbaji wachukue panya au ndege wadogo chini ya ardhi. Basi machimbo ya Uingereza yakatumia kanari, ndugu wa chiriku wetu. Kanari akianguka, watu walijua kwamba yawapasa kutoka mara moja. Tena yalitengenezwa matundu yenye mtungi mdogo wa oksijeni juu yake: ndege akizimia, mlango ulifungwa na oksijeni ikafunguliwa, naye akazinduka. Mwaka 1986 ndipo ilipoamuliwa kwamba vyombo vya umeme vishike nafasi ya ndege hao.

Namna ya kumtunza ndege mgonjwa

Ndege mdogo huficha ugonjwa wake, maana porini mdhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Ukiona amenyamaza, amefura manyoya mchana, analala ovyo, hali chakula, au mkia wake watikisika kwa kila pumzi, ujue kwamba ameugua tangu zamani. Usingoje kesho.

Kwanza, mwondoe penye moshi, na kama wako ndege wengine, mtenge nao. Pili, mpe joto. Mweke katika tundu dogo au sanduku lenye matundu ya hewa, ulifunike upande mmoja kwa kitambaa safi, na kando yake uweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa nguo. Joto la digrii 30 hivi lamfaa. Lakini akitweta na kufungua mdomo, limezidi. Tatu, weka maji safi na ulezi karibu naye, mahali pa chini, asilazimike kuruka. Usimmiminie maji mdomoni, kwa sababu njia yake ya pumzi ipo nyuma ya ulimi tu, naye aweza kukabwa. Usimpe dawa za watu. Akiwapo mganga wa mifugo, mpelekee. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hatari nyingine za nyumbani

Mbabula si adui pekee. Dawa ya kupulizia mbu, rangi mbichi ya ukuta na moshi wa sigara humdhuru ndege. Vikaango vilivyopakwa kitu cha kuzuia chakula kisigande, vikisahauliwa vitupu motoni hata vikaungua, hutoa mvuke uwezao kumwua kwa dakika chache. Parachichi, tunaloliita pia avoka, ni chakula chema kwetu, lakini kwake ni sumu. Wala asipewe chumvi, kahawa, chokoleti au pombe. Tundu lisitundikwe jikoni, wala juani bila kivuli, wala mahali ambapo paka na panya hufika. Na ndoo ya maji ifunikwe, maana ndege aliyetoka tunduni aweza kuzama humo.

Yule chiriku alikaa sandukuni siku tatu. Siku ya nne alipanda kijitini akala ulezi, na baada ya juma moja akaanza kuimba tena. Wale watoto nao walipona.

Ninyi wanafunzi, mkifuga ndege, mtazameni kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Nanyi wazazi, mtoto akiwaambia kwamba ndege wake amenyamaza, msimjibu kwamba ni ndege tu. Inukeni mkaangalie hewa ya nyumba yenu. Wakati wa baridi ongezeni blanketi. Mbabula na ikae nje. Katika nyumba ile ya ndugu yetu, tangu siku ile, haikuvuka kizingiti tena.