Vizingia katika Mkondo wenye Msukosuko

Anayetaka kuuchunguza mwendo wa maji au hewa hana budi kwanza kuufanya uonekane. Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alitia rangi katika maji yaliyopita ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, rangi ilinyooka kama uzi. Yalipozidi kasi, ilitawanyika. Lakini mwanga wa cheche ya umeme ulidhihirisha kwamba ndani ya mtawanyiko huo mlikuwa na vizingia, yaani maji yaliyojizungusha.

Mwaka 1974, Garry Brown na Anatol Roshko wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, walichapisha picha za mikondo miwili ya gesi, heliamu na naitrojeni, iliyokutana ikiwa na kasi tofauti. Gesi hizo huupinda mwanga kwa viwango visivyolingana, na vivuli vilivyotokea vilinaswa na kamera. Vilionekana vizingia vikubwa vimejipanga safu, mithili ya mawimbi yaelekeayo pwani.

Hivyo basi, msukosuko si fujo tupu; una umbo lake. Mtungaji wa istilahi anayependelea kuuita "vurugu" yafaa azitazame kwanza picha hizo.